Somo: kupima ukali wa mteremko sehemu zilizopitiwa na barafu

Wadau, wengi wakifika kwenye kilima kilichopitiwa na barafu wanapima mara moja, wanaandika "digrii 20", wanaondoka. Namba hiyo haina kazi, barafu haikuchonga pande zote sawa, kwahiyo pima kwa vipande.

Anza na ramani ya 1:50,000. Tuseme kontua (mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa) zinapishana mita 20 na umevuka nafasi tano, hapo umepanda mita 100. Weka rula, ukipata milimita 4 ndo mita 200 za ardhini. Gawanya 100 kwa 200 unapata 0.5, bonyeza tan kinyume kwenye kikokotoo inakuja kama digrii 26.6.

Ukifika saiti sasa, uwe na klinomita (kifaa cha kupima pembe ya mteremko) na mwenzako. Apande mpaka pale mteremko unapobadilika, asipitilize, halafu lenga sehemu ya mwili wake iliyo sawa na urefu wa macho yako, kama kakuzidi urefu lenga kidevu au bega, ukilenga utosi umejiongezea digrii za bure hasa mkiwa karibu. Andika, pima umbali kwa tepu, mwenzako naye akulenge kutoka juu, zikitofautiana sana rudieni.

Dira usiisahau. Dramlini, yaani kilima kirefu cha udongo na mawe kilichoundwa chini ya barafu, kwa kawaida ni kali upande barafu ilikotokea na mkia wake umelala, ila mwamba uliosuguliwa na barafu ni kinyume, ilikotokea pamelala na pamelainika, ng'ambo pamekatika maana barafu iling'oa mawe. Digrii bila mwelekeo hutajua unaangalia nini.

Maswali

– Mkuu, asilimia na digrii si kitu kimoja?
Hapana. Asilimia 100 ni digrii 45. Asilimia 50 ndo ile 26.6 ya hapo juu.

– Mbona klinomita inanipa kubwa kuliko ramani?
Kawaida hiyo, kontua za mita 20 zinameza miteremko mifupi mikali. Modeli za mwinuko za kompyuta zenye seli (miraba) za mita 30 nazo hivyo hivyo.

– Simu inafaa?
Inafaa, ila laza ubao mrefu kwenye mteremko kwanza uiweke juu yake, ukiiweka juu ya jiwe umepima jiwe.

– Moreni ya pembeni je (lile tuta la mawe na udongo barafu ililoacha ubavuni mwake), ule ukuta wa ndani?
Usiupande ndugu, mawe yanashuka bila hodi. Kaa pembeni mbali, mahali unapouona ukuta kwa ubavu, shika klinomita uilinganishe na mstari wa mteremko usome kutokea hukohuko.