Jinsi ya kusoma kesi kubwa za Katiba ya Marekani bila kupotea njiani

Wengi wakitaka kuielewa Katiba ya Marekani wanaanzia 1776 halafu wanashuka mwaka kwa mwaka kama wanakariri majina ya wafalme, wakifika 1800 na kitu wameshachoka, wanafunga. Mi nakushauri uanze na kesi moja tu, hiyo kesi ndo ikurudishe kwenye Katiba.

Ila kabla ya hapo tenganisha makaratasi, maana hapa ndo watu wanachanganya sana. Azimio la Uhuru la 1776 ni tangazo la kuachana na mfalme wa Uingereza pamoja na orodha ya makosa yake, huwezi kwenda nalo mahakamani ukadai kitu. Mtu akikwambia Katiba inampa haki ya kutafuta furaha ujue kachanganya, hayo maneno yako kwenye Azimio. Katiba yenyewe iliandikwa Philadelphia mwaka 1787, baada ya mkataba wa mwanzo wa majimbo kushindwa kazi maana serikali kuu haikuwa hata na uwezo wa kutoza kodi. Ina ibara 7 tu, unaimaliza kwa mkao mmoja. Marekebisho 10 ya kwanza, yale ya haki za raia, yakaingia 1791, na mpaka leo yapo 27. Halafu kuna zile makala 85 za Hamilton, Madison na Jay za kuwashawishi watu waikubali Katiba, majaji wanazinukuu sana lakini nazo sio sheria.

Sasa kesi ya kwanza iwe Marbury dhidi ya Madison, 1803. Soma kwanza Ibara ya 3 ya Katiba, ile inayohusu mahakama, ni fupi, halafu ndo uingie. Stori yenyewe ni ya vituko. Rais John Adams kashindwa uchaguzi, siku za mwisho kabisa akateua mahakimu kibao wa upande wake, barua za uteuzi zikasainiwa zikapigwa muhuri ila zingine hazikufika kwa wenyewe. Jefferson akaingia madarakani akasema zisipelekwe. William Marbury, mmoja wa waliokosa barua, akaenda moja kwa moja Mahakama ya Juu kumshtaki Madison, waziri mpya wa mambo ya nje. Na Jaji Mkuu aliyekaa kusikiliza ni John Marshall, yuleyule aliyekuwa waziri wakati barua zinashindwa kupelekwa!! Leo angeambiwa ajitoe.

Marshall akasema ndiyo, Marbury ana haki ya barua yake, ila sheria ya 1789 iliyomruhusu kuanzia kesi yake pale inaipa Mahakama mamlaka ambayo Ibara ya 3 haikuipa, na sheria ikigongana na Katiba inayoanguka ni sheria. Marbury katoka mikono mitupu, Jefferson hana cha kukataa kutii, na Mahakama imejichukulia uwezo wa kufuta sheria za Bunge. Rudi kwenye Katiba utafute pameandikwa wapi kwamba majaji wanaweza kufuta sheria. Hutapaona. Ukishaliona hilo pengo umeshaelewa nusu ya ugomvi wote uliofuata.

Ukifungua hukumu yenyewe usiogope namba. 347 U.S. 483 maana yake kitabu cha 347 cha hukumu za Mahakama hiyo, ukurasa wa 483, basi. Muhtasari ulioko juu unasaidia ila sio sehemu ya hukumu, usiunukuu kama maneno ya jaji. Jina la kwanza kwa kawaida ni la aliyepeleka shauri pale juu, na la pili wakati mwingine halina mpango kabisa, mfano Gideon dhidi ya Wainwright ya 1963, Wainwright alikuwa tu mkuu wa magereza Florida. Gideon alinyimwa wakili kwa sababu hana hela, akaandika ombi lake kwa penseli akiwa gerezani, akashinda, kesi ikarudiwa akiwa na wakili na akaachiwa. Hiyo iwe ya pili kusoma, ni rahisi.

Ila hapo kuna mtego. Gideon alitegemea Marekebisho ya 6, yanayompa mshtakiwa haki ya wakili, na mwaka 1833 kwenye Barron dhidi ya Baltimore Mahakama ilishasema zile haki za 1791 zinaibana serikali kuu tu, majimbo hayahusiki. Kilichobadilisha ni Marekebisho ya 14 ya 1868, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, yanayokataza jimbo kumnyang'anya mtu uhai, uhuru au mali bila utaratibu wa sheria. Kwa hiyo ukisoma kesi yoyote ya jimbo itafute hiyo 14, karibu kila mara ipo, ukiiruka hutaelewa haki imefikaje pale.

Na usiache hukumu ya jaji aliyepinga. Kwenye Plessy dhidi ya Ferguson, 1896, majaji 7 waliruhusu mabehewa ya weusi na weupe kutengwa, Harlan peke yake akakataa akasema Katiba haioni rangi. Ikapita miaka 58 ndo ikaja Brown dhidi ya Bodi ya Elimu, 1954, majaji 9 kwa 0, shule zisitengwe. Mi huwa nazisoma hizo mbili siku moja.

Mwisho angalia kama kesi bado iko hai. Roe dhidi ya Wade ya 1973, iliyotambua haki ya kutoa mimba, ilinukuliwa karibu miaka 50 halafu 2022 kesi ya Dobbs ikaifuta, na bado kuna watu wanabishana nayo kama vile ipo.