SOMO: Likizo ya Juni Dubai na familia, pesa isivujie njiani

Wapendwa wanachama, tangu tulipoweka picha za watoto wakiwa Dubai, swali ninaloulizwa sana ni tiketi tulipata kwa bei gani. Lakini pesa haivujii kwenye tiketi peke yake. Safari yangu ya kwanza nilihangaikia tiketi mwezi mzima, nikaokoa kiasi kizuri, halafu kiasi hicho chote kikapotea ndani ya siku sita: kwenye mashine ya kadi, kwenye kaunta ya mizigo, kwenye kubadilisha dola uwanja wa ndege. Hakuna aliyeniibia. Nilikubali mwenyewe, kwa kuwa sikuelewa nimeulizwa nini. Safari ya pili tulikwenda tukiwa tumejipanga, na hizi ndizo hatua tulizofuata.

Hatua ya 1: Chagua mwezi kwanza, ndege baadaye

Msimu wa wageni Dubai ni Novemba hadi Machi, na hapo hoteli hazina huruma. Kuanzia Juni hadi Septemba joto linapita nyuzi 40 na vyumba vinashuka bei. Bahati yetu ni kwamba shule za Tanzania zinafunga Juni. Ukilazimisha Desemba pamoja na watoto, jiandae kununua kila kitu kwa bei ya juu. Joto ni kali kweli, sitawadanganya. Sisi tulitoka alfajiri na baada ya Magharibi, mchana tukawa ndani kwenye viyoyozi. Epuka tu siku za Idi, bei hupanda.

Hatua ya 2: Linganisha tiketi pamoja na begi lake

Kutoka Dar, Emirates, flydubai na Air Tanzania huenda moja kwa moja. Kupitia Addis Ababa au Nairobi mara nyingine ni nafuu. Lakini soma tiketi hiyo inabeba nini. Bei ya chini kabisa mara nyingi haina begi la kupakia, na ukilinunua kaunta siku ya safari utalipa zaidi kuliko ukiliongeza mtandaoni mapema.

Angalia pia ndege inashukia wapi. Terminali 1 na 3 zina kituo cha metro. Terminali 2 haina, na mita ya teksi kutoka uwanja wa ndege inaanzia dirham (fedha ya kule) 25 kabla hata gari halijatembea.

Hatua ya 3: Viza

Uliza bei kwa shirika la ndege lako kabla ya kwenda kwa wakala, uone tofauti. Na rudi kabla viza haijaisha: faini ya kuzidisha ni dirham 50 kwa siku, kwa kila mtu.

Hatua ya 4: Pesa (hii isomeni mara mbili)

Tangu 1997 dirham imefungwa kwenye dola: dola 1 ni dirham 3.6725, leo na kesho. Kwa hiyo una kipimo mkononi. Ukitoa dola 100, tarajia kupata karibu na dirham 367. Duka la kubadilisha fedha likikupa 365 ni sawa, nalo lina kodi ya pango. Likikupa 350, chukua dola zako uondoke. Uwanja wa ndege badilisha kidogo tu ya kukufikisha hotelini, nyingine kabadilishe Deira, mtaa wa zamani wa Dubai, ambako maduka ya kubadilisha fedha yamepangana na yanagombania wateja. Shilingi yetu usiibebe kwenda kuibadilisha kule. Nunua dola nyumbani, benki au duka lenye leseni, na udai noti mpya zisizo na mikunjo wala maandishi.

Sasa kadi. Ukilipa dukani au hotelini, mashine inaweza kukuuliza: ulipe kwa dirham au kwa shilingi za Tanzania? Shilingi zinavutia, kwa sababu unaona namba unayoijua. Usiziguse. Ukichagua shilingi, anayebadilisha ni mwenye mashine, kwa kiwango anachojipangia, na faida yake iko ndani ya hiyo namba. Ukichagua dirham, kazi hiyo inafanywa na mtandao wa kadi na benki yako, na karibu mara zote inatoka nafuu. Mara ya kwanza nililipia hoteli nzima kwa shilingi, mhudumu akabonyeza kwa niaba yangu huku akitabasamu. Siku hizi naishika mashine mwenyewe na kusoma kioo. ATM nazo huuliza hivyo hivyo: kataa kubadilishiwa, muamala utaendelea. Toa fedha nyingi mara moja, maana kila unapochomeka kadi kuna makato.

Kabla ya kuondoka, ulizeni benki yenu mambo mawili: makato ya matumizi ya nje ni asilimia ngapi, na kadi imefunguliwa kutumika nje au la.

Hatua ya 5: Hoteli

Bei ya mtandaoni mara nyingi haijaweka tozo ya utalii, ambayo hulipwa kwa kila chumba kwa kila usiku: dirham 10 kwa nyota tatu, 15 kwa nyota nne, 20 kwa nyota tano. Chumba cha nyota tatu kwa usiku tano ni dirham 50 juu ya bei uliyoiona. Hoteli nyingi pia zitashikilia amana kwenye kadi, na inaweza kuchukua siku kadhaa kurudi. Usiipigie hesabu ya kununulia zawadi.

Sisi hulala Deira, karibu na metro. Chai ya maziwa kwenye vijimgahawa vya Deira ni dirham moja mbili, na hutatembea mbali bila kusikia Kiswahili.

Hatua ya 6: Kutembea

Nunua kadi ya nauli iitwayo Nol, ile ya rangi ya fedha (Silver), dirham 25, na 19 kati yake ni nauli iliyomo ndani. Safari ya metro ni dirham 3, 5 au 7.5 kulingana na kanda. Ukijua siku hiyo mtazunguka sana, kuna pasi ya siku nzima kwa dirham 20. Watoto chini ya miaka mitano hawalipi. Msile wala kunywa ndani ya treni, na akina baba msiingie behewa la wanawake na watoto: faini ya kila kosa ni dirham 100.

Burudani bora ya watoto wangu haikuwa mnara wowote. Ilikuwa abra, mashua ya kuvukia Khor, mkono wa bahari unaopita katikati ya mji, kutoka Deira kwenda Bur Dubai, dirham 1 kwa kichwa. Tulivuka mara nne jioni moja.

Hatua ya 7: Kurudi

Nenda na begi nusu tupu na mizani ya mkono. Na usiache VAT yako, kodi ya ongezeko la thamani. Ni asilimia 5, na mgeni akinunua kwa dirham 250 au zaidi kwenye duka lililo kwenye mpango wa marejesho, sehemu kubwa inarudi. Mwambie muuzaji kabla hajatoa risiti, uwe na pasipoti. Mfano: simu ya dirham 1,050 ina VAT ya 50. Unarudishiwa asilimia 85, yaani 42.50, ikitolewa ada ya 4.80. Unabaki na 37.70. Pitia kaunta ya marejesho uwanjani kabla ya kukabidhi mabegi, wanaweza kutaka kuiona bidhaa.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo dada. Nikinunua bando kule nitapiga simu ya WhatsApp nyumbani?
Marahaba mdogo wangu. Meseji na picha zinaenda, lakini simu za WhatsApp za sauti na video zimezuiwa Emirati, nchi ilimo Dubai. Wengi hutumia programu ya Botim. Mwekee mama kwenye simu yake kabla hujaondoka, mjaribu mkiwa wote sebuleni.

Mimi niko Mombasa, sina kadi ya benki. Nitafanyaje?
Safaricom wana kadi ya Visa ya mtandaoni ndani ya M-Pesa, GlobalPay, tangu 2022. Inafaa kulipia hoteli na tiketi. Kwa matumizi ya sokoni bado utahitaji dola mkononi. Kutoka kwenu pia angalia flydubai ya moja kwa moja, usipande Nairobi bila sababu.

Kaka yangu anasema mizigo ya zawadi TRA (mamlaka ya mapato) hawaigusi. Kweli?
Si yote. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inamsamehe msafiri aliyekaa nje zaidi ya saa 24 bidhaa zake zisizozidi kiwango cha thamani kilichowekwa. Bidhaa za biashara hazimo. Ukibeba simu kumi zilizofungwa kwenye maboksi, hakuna afisa atakayeamini ni zawadi. Tunza risiti zote pamoja, mahali unapoweza kuzitoa haraka.

Dada, siku sita nzima na watoto watatu, ulimudu vipi chakula?
Tulichagua chumba chenye jiko dogo. Asubuhi mkate, mayai na chai, vyote vya supamaketi. Mchana ndio tulikula nje, sahani mbili kubwa za biriani tukagawana watano, na zilibaki.