Daftari la madhara: namna ya kufuatilia pombe na unga mtaani kwako

Wengi wakisikia kazi hii ya kuandika madhara ya pombe na unga, yaani dawa za kulevya, huniuliza, "Mateja (waraibu wa unga) wangapi huko kwenu?" Swali hilo liache. Ukianza kuhesabu vichwa utaonekana mpelelezi, na maskani, kijiwe wanachokutania, itahama usiku huohuo. Hesabu madhara.

Hatua ya 1: Amua tukio ni lipi. Jeraha, kipigo nyumbani, kuzidisha dozi, kifo. Kulewa peke yake si tukio, hata kama mlevi kaimba mpaka alfajiri.

Hatua ya 2: Chora safu. Tarehe, shina (kundi la nyumba kumi), umri na jinsia, kilichotumika, kilichotokea, nani kakueleza. Jina usiandike. Tumia alama, kwa mfano herufi mbili za jina la mama yake na mwaka aliozaliwa yeye mwenyewe. Dereva wa bodaboda aliyeanguka Jumamosi usiku utasimuliwa habari zake zahanati, kisha kituo cha polisi alikofuata PF3 (fomu ya polisi ya majeruhi), kisha kijiweni. Bila alama utamwandika mara tatu.

Kwenye kilichotumika, usiandike "pombe" ukaishia hapo. Viroba, pombe kali ya pakiti ndogo, vilipopigwa marufuku Tanzania Machi 1, 2017, daftari lililosema "pombe" tu lisingeweza kuonyesha kama wanywaji wamehamia gongo au bia.

Hatua ya 3: Pata wasimulizi. Muuguzi wa zamu, balozi wa shina, mama lishe, na muuza gongo mwenyewe, ambaye anajua kuliko wote akikuamini. Pita Jumatatu asubuhi, habari zikiwa bado moto.

Hatua ya 4: Namba ikipanda, mchunguze kwanza aliyekupa. Mwezi mmoja majeraha ya ulevi yaliongezeka maradufu kwangu. Nilikuwa tayari njiani kwenda kwa mtendaji wa kata. Kumbe zahanati ilikuwa imepata muuguzi mpya, anayemuuliza kila majeruhi kama amekunywa. Wa zamani hakuwa akiuliza. Tangu hapo pembeni mwa ukurasa naandika nani yuko zamu, nani kahama.

Hatua ya 5: Jambo moja halisubiri mwisho wa mwezi. Pombe yenye methanoli, aina ya spiriti yenye sumu. Mnywaji anaweza kuamka salama, kisha saa 12 hadi 24 baadaye macho yakaona ukungu, tumbo likauma, pumzi ikaenda mbio. Ukisikia wawili waliokunywa sehemu moja wana dalili hizi, piga simu zahanati na kwa mganga mkuu wa wilaya papo hapo, halafu rudi ukawatafute wengine waliokunywa pale, hata wanaosema wako wazima. Kirinyaga, Kenya, Februari 2024, pombe ya sumu iliua zaidi ya watu kumi.

Hatua ya 6: Peleka jumla, daftari libaki kwako. Mtendaji apewe hesabu kwa shina, polisi vilevile.

Ukurasa wa mwisho andika kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, iliyo karibu. Dar es Salaam huduma hiyo ilianzia Muhimbili mwaka 2011. Weka siku na saa za kufungua. Kuna siku mtu wa maskani, akiwa na arosto (maumivu ya kukosa unga), atamaliza kukupa habari za wenzake kisha aulize za kwake.