Adabu za Ukingoni: Kuvua kwa Ndoana Kwenye Mito ya Uingereza

Kiangazi changu cha kwanza Nottingham nilinunua fimbo ya kuvulia, rili na kopo la funza, nikateremka mpaka Mto Trent. Nilimkuta mzee mmoja amekaa peke yake kwenye kiti cha kukunja. Mimi nimekulia Mwanza, ambako vijana wanaovua sato juu ya miamba hukaa bega kwa bega, mishipi ikipishana, na anayejitenga ndiye anayeonekana ana maringo. Basi nikamsogelea, nikamsalimu, nikakaa hatua kama kumi kutoka kwake, upande yanakoelekea maji, nikatupa ndoana. Haikupita robo saa nikapata samaki. Nikapata wa pili. Mzee hakusema neno. Alikunja mshipi wake, akafunga mkoba, akaondoka bila kunitazama. Nilirudi nyumbani nikiamini amenikimbia kwa sababu ya rangi yangu.

Ilipita miezi mpaka nikamsimulia mwenzangu wa kazini, mvuvi wa tangu utotoni. Hakuuliza mzee alikuwa mtu wa namna gani. Aliuliza: "Ulikaa juu yake au chini yake?"

Nilipojibu chini, yaani upande yanakoelekea maji, akanieleza. Mvuvi wa pale haanzi kwa ndoana, anaanza kwa kulisha. Kila baada ya dakika chache anarusha funza wachache, au mbegu za hemp (mmea wa jamii ya bangi usiolevya) zilizochemshwa, mahali palepale. Maji yanabeba chakula kile polepole kuteremka, na samaki walioko chini wanapandisha wakikifuata. Anaweza kufanya hivyo saa mbili nzima kabla hajategemea kupata kitu cha maana. Mimi nilikuwa nimekaa katikati ya njia hiyo. Mzee alipika tangu alfajiri, nikaja na sahani yangu nikapakua mbele yake.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaeleza ndugu zetu wanaoanza kuvua huku, kwa sababu kila mwaka naona nyuso zetu zikiongezeka ukingoni, na nachukia kuona mtu anachukiwa kwa kosa ambalo hajui kuwa ni kosa. Kwetu kumkaribia mtu ni heshima. Huku mtoni heshima ni kumwachia maji yake, na maji yake ni mengi kuliko kiti alichokalia.

Karatasi kwanza

Hili nitalipitia haraka. Kwa Uingereza yenyewe (England) na Wales, kila mwenye umri wa miaka 13 na kuendelea anahitaji leseni ya fimbo inayotolewa na serikali ili avue samaki wa maji baridi. Ipo ya siku moja, ya siku nane na ya miezi 12. Watoto wa miaka 13 hadi 16 hawalipi, lakini lazima waandikishwe. Ukikamatwa huna, faini inaweza kufika pauni 2,500.

Wengi wetu huishia hapo, na hapo ndipo ugomvi huanzia. Leseni haikupi ruhusa ya kukaa popote. Haki ya kuvua karibu kila kipande cha mto ina mwenyewe: mkulima, klabu, halmashauri au kampuni. Unahitaji pia kibali chake. Mara nyingi ni tiketi ya siku, inayouzwa kwenye duka la vifaa vya uvuvi au mtandaoni. Mahali pengine mlinzi wa mto hupita ukingoni kuikusanya fedha. Sehemu za bure zipo, kama Mto Thames chini ya Teddington ambako maji ya bahari hupwa na kujaa, lakini hata huko leseni inatakiwa kwa samaki wa maji baridi. Muuza duka ndiye mwalimu wako wa kwanza. Nunua kwake hata kopo moja la funza, umuulize klabu gani inashika sehemu gani, naye atakuchorea ramani nyuma ya risiti.

Kumkaribia mtu aliyekutangulia

Anayefika kwanza anachagua, anayefuata anauliza. Kwenye maji ya klabu utakuta vigingi vyenye namba vimepigwa ukingoni, kila kigingi ni nafasi ya mtu mmoja. Usikae cha jirani kama kuna vingine vitupu. Mimi huacha viwili au vitatu katikati. Pasipo na vigingi, piga hesabu kwa jicho: simama mbali, tazama boya lake linaanzia wapi na linaishia wapi kabla hajalirudisha. Anayevua kwa boya huliacha lisafiri na maji, pengine mita ishirini au zaidi. Umbali wote huo ni wake. Aliyeweka chubwi zito chini na fimbo juu ya vijiti haonyeshi kitu, lakini naye ana mahali alipolisha, na huwezi kupajua bila kuuliza.

Namna ya kuuliza nayo ina adabu yake. Usipite kwenye ukingo wenyewe. Samaki wanasikia kishindo cha miguu kupitia udongo na wanaona kivuli. Zunguka nyuma, simama nyuma yake, na kama ana samaki kwenye ndoana subiri amalize. Salamu ya mtoni ni kuulizana kama kuna chochote kilichopatikana. Atajibu kwa ufupi, akisema "viwili vitatu" hata kama amepata ishirini. Kisha muulize: "Unavua kuelekea wapi? Nikikaa pale kwenye mti nitakusumbua?" Nimeuliza hivyo mara nyingi mno, na waliokataa ni wachache. Wengi huinuka wakanionyesha mahali pazuri kuliko nilipotaka.

Kuna mvuvi mwingine ambaye mgeni hamtambui: hana kiti, ana fimbo moja na mkoba mdogo begani, anatembea. Huyu amelisha mashimo matano sita kando ya mto na anayazungukia moja moja. Ukimuona, muulize kama anapandisha au anateremka, na wewe uelekee upande wa pili. Ukimtangulia kwa hatua mia moja tu umemharibia asubuhi nzima.

Aliye ng'ambo ya mto naye ni jirani yako. Katikati ya mto pana mpaka usiochorwa, na nusu ya kule ni yake, hata kama fimbo yako inafika. Mwenzako akinasa samaki mkubwa, kunja mshipi wako haraka umpishe. Asipokuwa na msaidizi, jitolee kumshikia wavu wa kuopolea, lakini usiuguse kabla hajakubali. Wengine wanapenda kumaliza wenyewe.

Usiku usimulike maji kwa tochi. Redio iache nyumbani. Na jiko la mkaa, ndugu zangu: najua Jumamosi bila nyama choma haijatimia, na familia ikija ni furaha. Ila itafutieni bustani yenye nafasi iliyoruhusiwa, msije ukingoni pamoja na moshi na watoto kumi katikati ya watu waliokaa kimya tangu saa kumi na moja alfajiri.

Samaki hawaendi jikoni

Hapa ndipo panapouma zaidi. Sisi tunavua kitoweo. Wao, kwenye mito hii, karibu wote wanavua na kurudisha, na anayeonekana anatia samaki kwenye mfuko wa plastiki huchukuliwa kuwa mwizi. Sheria ya England kwa mito inaruhusu kwa siku paiki (samaki mla samaki wenzake) mmoja asiyezidi sentimita 65, samaki wawili wa aina ya grayling wenye sentimita 30 hadi 38, na samaki wadogo 15 wa aina zilizoorodheshwa katika sheria hiyo wasiozidi sentimita 20. Mkunga lazima arudishwe. Na hata hao wachache ni pale tu mwenye haki ya sehemu hiyo anapokubali. Klabu nyingi hazikubali hata mmoja.

Nilipata shida kuielewa hadi nilipoona karpu mmoja akipimwa, watu watatu wakamtambua kwa magamba na kovu la ubavuni. Walimwita kwa jina. Mmoja alikuwa amewahi kumshika miaka minne kabla. Samaki huyo ni wa wote wanaokaa pale, na ukimpeleka nyumbani umechukua cha watu wengi.

Kwa hiyo jifunze kumrudisha akiwa mzima. Tumia ndoana isiyo na kijino cha kuzuia karibu na ncha. Lowesha mikono kabla ya kumgusa, maana mkono mkavu unamvua utelezi unaomkinga na magonjwa. Mlaze kwenye tandiko lenye unyevu, kamwe si kwenye changarawe. Barbeli, samaki wa mtoni mwenye ndevu mdomoni, ndiye anayehitaji subira kuliko wote: hupigana mpaka nguvu zinamwishia, na ukimtupa tu majini anageuka tumbo juu na kufa. Piga magoti, mshike wima kichwa kikielekea yanakotoka maji, viganja viwili chini ya tumbo. Utahisi mashavu yakifunguka na kufumba, mwanzo kwa uzito, baadaye kwa mpigo wa sawasawa. Inaweza kuchukua dakika kadhaa. Usimwachie wewe, ngoja mkia ukupige kiganjani aondoke mwenyewe.

Ukitaka wa kula, nenda baharini. Kuvua kwa fimbo baharini hakuhitaji leseni hiyo, na kiangazi makareli, ndugu wa kibua wetu, hupatikana hata kutoka kwenye gati. Au tafuta mabwawa ya trauti ambako unalipia na kuondoka na samaki wako kwa halali.

Jambo dogo linalowapata waliozoea kujitengenezea vifaa: chubwi ndogo za risasi zimepigwa marufuku. Tangu 1987 haziruhusiwi kuuzwa zenye uzito wa kuanzia gramu 0.06 hadi 28.35, kwa sababu bata maji wale weupe walizimeza pamoja na changarawe wakafa kwa sumu. Na kipande cha mshipi uliokatika usikiache kwenye nyasi. Kitie mfukoni.

Scotland mambo ni tofauti

Huko hakuna leseni ya fimbo kama hii, ila ruhusa ya mwenye maji ni lazima, na kuvua samoni Jumapili ni marufuku kisheria. Waliovua trauti kwenye mito ya Aberdare, Kenya, watapata urahisi kidogo: mayai ya trauti waliopandwa Mto Gura mwaka 1905 yalitoka Scotland, na wavuvi walifika na desturi zao.

Kwenye mito ya samoni kama Tay, Spey, Dee au Tweed hakuna mtu wa kukaa. Mvuvi wa samoni anaingia majini juu kabisa ya kilindi, anarusha chambo cha manyoya kwa mshazari, anakiacha kizunguke na maji, kisha anapiga hatua moja au mbili kuteremka, anarusha tena. Ukifika na kumkuta mtu ndani, ingia juu, nyuma yake, umwache ateremke kwanza. Kuingia chini yake ni sawa na kupanga foleni kwa kusimama mbele ya aliye dirishani. Naye hana haki ya kuota mizizi: akiacha kupiga hatua anawazuia wote walio nyuma. Akifika mwisho anatoka na kurudi juu, na kilindi kimoja kinawatosha watu wanne bila kusukumana. Sehemu nyingine aliyepata samaki pia hutoka akaanza upya. Muulize gili, mlinzi na mwongoza wavuvi wa pale, kabla hujalowesha buti.

Usitangaze, na usigombane

Picha ya samaki ni halali yako. Daraja lililo nyuma yake si la kuonyesha. Nimeona picha moja kwenye kundi la WhatsApp la watu wetu ikileta magari sita Jumapili iliyofuata, mahali ambapo aliyenionyesha alikuwa akivua peke yake kwa miaka. Hajanionyesha mahali pengine tangu hapo, na simlaumu.

Mlinzi akikuomba karatasi, mpe hata kama amewapita wengine wanane akaja kwako. Inauma, najua. Mwonyeshe, andika jina au namba ya kitambulisho chake, kisha uandikie klabu kwa utulivu ukiwa nyumbani. Ukiona wanaovua kwa nyavu au samaki wanaelea wamekufa, usiwafuate wala usipige kelele. Piga 0800 80 70 60 ya Environment Agency, mamlaka ya mazingira ya England, usiku au mchana.

Kwa mwanzo mzuri, kumbuka mito ya England hufungwa kwa samaki wasio trauti wala samoni kuanzia Machi 15 hadi Juni 15. Usiku wa kuamkia Juni 16 watu hufika mapema, huketi na chai kwenye chupa wakingoja saa sita. Fika mchana, tembea kutoka kigingi hadi kigingi, uulize nani anamngojea nani. Mkoba uliowekwa peke yake kwenye nyasi usiusogeze. Mwenyewe huenda amekwenda kuchukua kiti garini. Chagua pako, lisha kidogo, uweke fimbo tayari, na mshipi usiguse maji hadi saa sita ya usiku igonge.