Kupanda mikoko Lamu mpaka ishike: angalia haya kabla hujaingia topeni

Siku hizi kila mtu anapanda mikoko, shule, vikundi vya kina mama, vijana, hata wageni wakija wanapewa mbegu wapande wapigwe picha, na ni jambo zuri sana ila ukipita pale baadae mara nyingi hamna kitu, yote imekufa. Mkoko si mti mgumu jamani. Shida ni mahali unapopandwa, kwa hivyo tuanze hapo.

Mara ya kwanza nenda bila mbegu. Nenda wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, uone maji yanafika wapi, kisha yakipwa ushuke uangalie tope. Ukikuta miche imeota yenyewe, usipande, paache, msitu unajirudisha wenyewe tena bure, wewe kazi yako ni kuzuia watu wasikate na mbuzi wasiingie. Ukikuta hamna hata mche mmoja jiulize kwa nini, pengine barabara au ukuta umeziba mkondo, pengine mchanga umejaa, na hapo hata upande mbegu elfu zitakufa zote mpaka maji yafunguliwe njia. Na kule mbele kabisa kwenye nyasi za bahari, mahali ambapo wazee wanakwambia hapajawahi kuwa na mikoko, tafadhali msipande! Pale ni malisho ya samaki kama tafi na kasa, mnaua kitu kimoja kizima na hicho kingine hakishiki.

Halafu kila mti una pake. Kenya tuna aina 9, na ukitoka baharini kuja juu kwa kawaida unaanza na mlilana, huo wa mataruma, zile mbavu za jahazi, kisha mkoko wenyewe, huo wenye mizizi ya juu kama miguu mingi, halafu mshinzi na mkandaa, na mchu huko nyuma kabisa ingawa huo utaukuta hata mbele. Angalia jirani kuna mti gani, panda huo huo.

Mbegu ya huo mkoko wa miguu mingi ni ile ndefu inaning'inia kama bamia. Iliyokomaa ina pete ya manjano pale inaposhikana na kikofia chake, ukiigusa inatoka yenyewe, ikikataa usiivute bado. Yenye vitundu vya wadudu tupa. Ziweke kwenye gunia bichi kivulini, upande mapema. Chagua siku za maji mafu, yaani maji yakijaa na kupwa kidogo tu, mkondo hauna nguvu. Chomeka kama theluthi yake topeni, ncha nzito chini, kile kichwa kilichokuwa ndani ya kikofia kiangalie juu, na kati ya mche na mche acha hatua moja. Usiipige na jiwe iingie, tope likiwa gumu toboa kwanza na kijiti. Mchu na mlilana ni habari nyingine, mbegu zake ni ndogo zinachukuliwa na maji, hizo anzia kitaluni.

Baada ya hapo ndo watu wanapotea. Rudini kila bamvua muondoe takataka, nyavu na mifuko ya plastiki iliyojizungusha kwenye miche, na vile vikombe vikali vinavyogandia chini ya mashua vikijaa kwenye shina mche unalemewa unaanguka. Pakifa weka mwengine, lakini zikifa zote mara mbili acheni pale, tafuteni pengine.

Na msiende kimya kimya. Mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932, kwa hivyo onaneni na watu wa misitu na kikundi cha kijiji kabla ya kupanda au kukata. Kukata pia kuna utaratibu wake, mimi sisemi watu wasikate, nyumba zetu za mawe upana wa chumba ni urefu wa boriti, ile miti ya mikoko inayobeba dari, na boriti zilikuwa zinapakiwa kwenda Arabuni mpaka usafirishaji ukapigwa marufuku 1982. Lakini Lamu ndo ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na kamba, kaa na samaki wengi tunaovua wamekulia kwenye mizizi ile, na lile tope jeusi chini limefungia kaboni nyingi kuliko msitu wa bara wa ukubwa huo huo, ukilifukua inapanda hewani. Mche mpya unachukua miaka mingi kufika hapo, kwa hivyo kama kikundi chenu kina nguvu ya kufanya jambo moja tu, lindeni kwanza ile mikubwa iliyosimama, kupanda kufuate.