Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuanza Kuuza Vileo kwa Leseni

Leseni ya vileo kwa kawaida humruhusu mtu aliyetajwa, katika jengo lililotajwa, kuuza aina fulani ya vileo kwa saa zilizowekwa, na kuuza nje ya mipaka hiyo mara nyingi huhesabiwa sawa na kuuza bila leseni. Kwa hiyo, kabla ya kuagiza hata kreti moja, isome leseni yenyewe pamoja na masharti yaliyoambatanishwa nayo. Hakikisha kama inaruhusu wateja kunywea hapo hapo au kuondoka na chupa iliyofungwa tu, kama inahusu bia na mvinyo pekee au pombe kali pia, inaisha lini, na maombi ya kuihuisha yanapaswa kupelekwa muda gani kabla ya tarehe hiyo. Anayenunua baa iliyokuwa ikiendeshwa na mwingine asidhani kwamba leseni imekuja pamoja na viti na majokofu, kwa kuwa mara nyingi ni lazima ihamishwe rasmi kwa jina lake, na hata kupanga meza uani kunaweza kuhitaji kibali kipya.

Wajibu unaohitaji maandalizi makubwa kuliko yote ni ule wa umri. Nchi nyingi zimeweka miaka 18, Japani imeweka 20, na Marekani ni 21, kiwango ambacho majimbo yalisukumwa kukifuata na sheria ya shirikisho ya mwaka 1984 iliyopunguza fedha za barabara kuu kwa jimbo lililokataa. Kuijua namba hiyo hakutoshi, kwa sababu hakuna mhudumu awezaye kutofautisha kwa macho kijana wa miaka 17 na wa miaka 19. Ndiyo maana Scotland, ambako umri halali ni 18, sheria inamtaka mwenye leseni awe na utaratibu wa kudai kitambulisho kwa kila anayeonekana kuwa chini ya miaka 25. Hata pale ambapo sheria haidai hivyo, naushauri utaratibu huu kwa moyo wote, maana unamwondolea mhudumu mzigo wa kubahatisha. Amueni mapema ni vitambulisho gani vinakubalika, na picha ya kitambulisho iliyo kwenye simu itapokelewa au la. Mwelezeni pia kila mfanyakazi la kufanya mtoto anapodai kwamba ametumwa na mzazi, au mtu mzima anaponunua huku vijana wakimsubiri nje. Ulizieni vilevile kama sheria ya mahali penu inaweka umri wa chini kwa mhudumu mwenyewe.

Linalofuata ni kumkatalia mteja aliyekwisha kulewa. Sheria za nchi nyingi zinakataza kumuuzia mtu huyo, na katika majimbo mengi ya Marekani aliyejeruhiwa na mlevi anaweza, kwa masharti fulani, kuishtaki baa iliyoendelea kumhudumia. Mhudumu anapaswa kufundishwa dalili za ulevi na maneno ya kukataa kwa heshima, na pia kujua ni msimamizi gani atakayemuunga mkono mteja akipandisha sauti. Andaeni daftari la kuandika kila aliyekataliwa, saa na sababu, kwa kuwa ndilo litakalothibitisha baadaye kwamba wajibu ulitekelezwa. Mwajiri aangalie pia namna anavyolipa: mhudumu anayepewa kamisheni kwa kila chupa ana sababu ya kuendelea kummiminia mtu aliyepaswa kusimamishwa, na mafunzo hayatashinda sababu hiyo.

Upande wa stoo, nunueni kwa wasambazaji wenye leseni tu na tunzeni ankara zote, huku mkikagua stempu za ushuru na vifuniko kabla ya kupokea mzigo. Pombe bandia inaweza kuwa na methanoli, kemikali inayoharibu neva za macho na kuua, na mteja hawezi kuitambua kwa kuionja. Chupa tupu ya pombe kali isijazwe tena kwa sababu yoyote ile. Vipimo vya kumiminia viwe vile vilivyoidhinishwa, na bei zionekane wazi.

Milango ya dharura, mitungi ya kuzimia moto, vyoo na mabango ya onyo hukaguliwa kabla ya kufungua, na orodha kamili hutolewa na mamlaka husika. Kelele zinahitaji fikra zaidi. Sheria ya leseni ya mwaka 2003 inayotumika England na Wales ina malengo manne, yaani kuzuia uhalifu na fujo, usalama wa umma, kuzuia kero, na kuwalinda watoto, na jirani anayekoseshwa usingizi anaweza kuomba leseni ipitiwe upya. Jueni basi muziki utapunguzwa saa ngapi, na nani atasimamia wateja wanapotawanyika.

Hatimaye, wekeni nakala ya leseni mahali inapoonekana na mteueni kwa maandishi anayeshika madaraka mwenye leseni asipokuwepo. Huyo awe na funguo za stoo na ajue ankara ziko wapi, kwa sababu mkaguzi anaweza kufika bila taarifa, na kumzuia asiingie ni kosa linalojitegemea katika sheria nyingi.