Tovuti haiipati Memcached: fanya haya kabla hujaristati

Simu nyingi ninazopigiwa kuhusu Memcached huanza hivi: "Kaka, saiti imekuwa nzito, nimesharistati ila bado." Hapo kwenye kuristati ndipo ninapoishiwa nguvu. Memcached ni programu ya kache: hutunza majibu yanayoombwa mara kwa mara ili tovuti isiyatafute upya kwenye hifadhidata, na hutunza kila kitu kwenye RAM. Ukiizima na kuiwasha umefuta vyote ilivyotunza, na umefuta pia hesabu zake: imekuwa hewani tangu lini, imekataa miunganisho mingapi, kumbukumbu ilijaa au haikujaa. Halafu maombi yote yaliyokuwa yakijibiwa na kache yanaiangukia hifadhidata, yaani MySQL, kwa mpigo. Ulikuwa na tatizo moja, sasa unayo mawili.

Natunza seva za tovuti ndogo ndogo hapa Dar: maduka ya spea, saiti za habari, mifumo ya shule. Nyingi ni Ubuntu na PHP, chache ni Django (ya Python). Huu hapa ndio utaratibu ninaoufuata, na ndio ninaowapa vijana ninaofanya nao kazi.

Kwanza lipate kosa lenyewe

PHP ni msiri sana katika hili. Ukiita `get` na ikarudisha `false`, hujui kama kitu hicho hakimo kwenye kache au kama seva yenyewe haipatikani. Ukurasa unafunguka vilevile, ila polepole, na hakuna anayeona kosa lolote. Wala usidanganywe na `addServer` ikirudisha `true`: inaandika tu anwani kwenye orodha, haijaunganisha chochote mpaka uombe kitu. Andika faili dogo la majaribio kwenye seva ileile ya tovuti (hapa `10.0.0.7` ni anwani ya mashine ya Memcached, na 11211 ni poti yake, yaani namba ya mlango inaposikiliza):

```
$m = new Memcached();
$m->addServer('10.0.0.7', 11211);
$m->get('jaribio');
echo $m->getResultMessage();
```

Ikijibu "NOT FOUND", furahi. Maana yake Memcached imefikika, imetafuta, haikukuta kitu. Ikijibu "SERVER HAS FAILED AND IS DISABLED UNTIL TIMED RETRY", hilo si kosa la mwanzo. Maktaba ya libmemcached ilishajaribu, ikashindwa, na sasa imegoma kujaribu tena kwa muda. Kosa unalolitaka ni lile lililotangulia.

Kisha iache PHP kando, uongee na Memcached moja kwa moja kwa `nc`. Fanya hivi ukiwa ndani ya seva ya tovuti, si kwenye laptop yako, maana laptop ina njia yake nyingine kabisa:

```
nc -v 10.0.0.7 11211
version
VERSION 1.6.14
quit
```

Ukijibiwa namba ya toleo, mtandao ni mzima. Usipojibiwa, angalia umenyimwa jibu kwa namna gani. "Connection refused" ni kama umepiga hodi ukaambiwa mwenyewe hayupo: ujumbe wako umefika kwenye mashine, ila kwenye poti hiyo hakuna anayesikiliza. "Connection timed out" umepiga hodi, kimya. Haya ni magonjwa mawili tofauti, na dawa zake hazifanani hata kidogo.

Ukikataliwa

Nenda kwenye mashine ya Memcached. Anza na `systemctl status memcached`, kisha hii:

```
ss -ltnp | grep 11211
LISTEN 0 1024 127.0.0.1:11211 0.0.0.0:*
```

Isome vizuri. Ile `0.0.0.0:*` ya mwisho haina neno, inaonekana siku zote. Unayoitafuta ni anwani iliyotangulia. Hapa ni `127.0.0.1`, yaani Memcached inaisikiliza mashine yake tu. Ndivyo Ubuntu na Debian wanavyoipakia: kwenye `/etc/memcached.conf` utakuta mstari `-l 127.0.0.1`. Tovuti na kache zikiwa mashine moja, hakuna shida. Siku utakapoihamishia Memcached kwenye mashine yake ya peke yake, mstari huu ndio wa kwanza kushukiwa. Ongeza anwani ya mtandao wa ndani:

```
-l 127.0.0.1,10.0.0.7
```

Kwa wa Rocky au AlmaLinux (familia ya Red Hat), mstari huo uko kwenye `/etc/sysconfig/memcached`, sehemu ya `OPTIONS`.

Kuna watu watakwambia uweke `0.0.0.0` uishie hapo. Usikubali. Memcached ikiwa kwenye mipangilio yake ya kawaida haina nywila. Yeyote anayeifikia poti 11211 anaweza kusoma ulichotunza, au akaandika `flush_all` akakufutia vyote. Na Februari 2018 GitHub ilishambuliwa kwa trafiki iliyofika terabiti 1.35 kwa sekunde, na iliyotumika kuivimbisha ilikuwa seva za Memcached zilizoachwa wazi kwenye intaneti, zikijibu kwa UDP, njia ya kutuma data bila kuunganisha kwanza. Tangu toleo 1.5.6 UDP huja ikiwa imezimwa, lakini TCP, njia ya kawaida ya kuunganisha, bado iko mikononi mwako.

Kama `ss` haionyeshi kitu kabisa, Memcached imekufa. Kabla hujaiwasha, uliza imeuawa na nani:

```
journalctl -u memcached -n 50
journalctl -k | grep -i "out of memory"
```

Kwenye seva za bei nafuu zenye RAM ya GB 1, ambazo ndizo wateja wangu wengi wanazozimudu, hili nalikuta sana. MySQL iko humo, PHP iko humo, na mtu kaipa Memcached `-m 512` kwa sababu alisoma mahali kwamba kache kubwa ni nzuri. RAM inakwisha, kerneli (kiini cha Linux) inachagua wa kumuua. Kumbuka pia kwamba `-m` ni ya vitu vinavyotunzwa tu. Miunganisho nayo inakula juu ya hapo. Kiwango cha kawaida ni MB 64, na kwa duka dogo mara nyingi kinatosha.

Bado kuna neno `localhost`. Mashine nyingine hulitafsiri kuwa `::1`, anwani ya IPv6, wakati Memcached inasikiliza `127.0.0.1` pekee. Andika `127.0.0.1` waziwazi, yaishe. Na kama unatumia Docker, `localhost` ndani ya kontena ni kontena hilohilo. Tumia jina la huduma ulilolipa kwenye faili la compose.

Ukipigwa kimya

Hapa ni fayawoli (kizuizi cha mtandao), karibu kila mara. Ruhusu seva ya tovuti pekee, hapa ni `10.0.0.5`:

```
ufw allow from 10.0.0.5 to any port 11211 proto tcp
```

Kama seva umeikodi kwa kampuni ya klaudi, kuna fayawoli ya pili kwenye dashibodi yao, na ukifungua moja ukaiacha nyingine hujafungua kitu. Kwenye firewalld unaweza kupata "No route to host" badala ya kimya. Usianze kutafuta waya uliokatika, ni fayawoli ileile ila hii inajibu.

Ikitokea `nc` inafika lakini PHP inaambiwa "Permission denied", upo kwenye familia ya Red Hat na SELinux, mlinzi wa ziada wa mfumo huo, imekuzuia. Dawa ni `setsebool -P httpd_can_network_memcache on`. Wapo wanaoizima SELinux yote kwa `setenforce 0`. Mimi siwaungi mkono.

Wanaotumia soketi ya faili badala ya poti (PHP na Memcached zikiongea kupitia faili ndani ya mashine moja) wana mambo yao matatu. Ukiweka `-s`, Memcached inaacha kusikiliza TCP. Kwenye PHP poti inaandikwa 0. Na usiiweke soketi ndani ya `/tmp`, kwa sababu systemd kwenye Ubuntu huipa Memcached `/tmp` yake ya faragha ambayo PHP haiioni. Iweke `/run/memcached/`, upe ruhusa kwa `-a 0770`, mwingize `www-data` kwenye kundi la `memcache`, kisha uwashe upya PHP-FPM, huduma inayoendesha PHP.

Inashika, inaachia

Hii ndiyo inayowachosha watu. Asubuhi iko vizuri, mwisho wa mwezi mishahara ikiingia na wateja wakimiminika, makosa yanaanza, usiku yanapotea yenyewe. Hapa ndipo utakaposhukuru kwamba hukuristati, kwa sababu jibu liko kwenye hesabu. Zitunze kwanza:

```
printf 'stats\nquit\n' | nc 10.0.0.7 11211 > stats.txt
```

Fungua faili, tafuta mistari hii:

```
STAT uptime 1843200
STAT max_connections 1024
STAT curr_connections 1021
STAT rejected_connections 5512
```

Uptime ni sekunde. Hizi ni kama siku 21, kwa hiyo Memcached haikuanguka. Ila imejaa. Kikomo cha kawaida ni miunganisho 1024, na hapa imebaki nafasi ya kuhesabu kwa vidole. Kuanzia toleo 1.5, anayezidi anafungiwa mlango hapohapo na `rejected_connections` inapanda. Kwenye matoleo ya zamani anaachwa asubiri, na inayopanda ni `listen_disabled_num`. Yoyote kati ya hizo ikiwa si sifuri, umeshapata mchawi wako.

Piga hesabu. Seva 8 za tovuti, kila moja ina `pm.max_children` 150, na kila mtoto (mchakato) wa PHP-FPM anashika muunganisho wake wa kudumu: 1200. Imepita 1024 hata kabla ya foleni ya kazi za nyuma na cron (kazi zinazojiendesha kwa ratiba). Kabla ya kupandisha kikomo, tazama msimbo wako. Ukitumia muunganisho wa kudumu na ukaita `addServer` kila ukurasa unapofunguka, seva ileile inaongezwa kwenye orodha tena na tena. Inatakiwa iwe hivi:

```
$m = new Memcached('duka');
if (!count($m->getServerList())) {
    $m->addServer('10.0.0.7', 11211);
}
```

Baada ya hapo weka `-c 4096`, na kwa `systemctl edit memcached` ongeza `LimitNOFILE=8192` chini ya `[Service]`, kwa kuwa kila muunganisho unahesabiwa kama faili lililofunguliwa. Sasa ristati, lakini fanya saa kumi alfajiri wateja wakiwa wamelala.

Kinyume chake nacho kipo: msimbo unaofungua na kufunga muunganisho kwa kila ombi. Linux huishikilia poti ya muda kwa sekunde 60 baada ya muunganisho kufungwa, na poti hizo ni kama 28,000 tu, kuanzia 32768 hadi 60999. Zikiisha unapata "Cannot assign requested address". Endesha `ss -s`, uone namba ya timewait, yaani poti zinazosubiri kuachiwa. Hapo dawa ni muunganisho wa kudumu.

Neno kwa wa Django: `PyMemcacheCache`, iliyokuja na 3.2, haifichi. Memcached ikikosekana inarusha `ConnectionRefusedError` na ukurasa unatoa 500. Watu wanalalamika. Mimi naipenda kelele hiyo kuliko ukimya wa PHP.

Wakati mwingine si muunganisho

Kuna makosa yanayofanana na kukosa muunganisho na si yenyewe. Ufunguo ukizidi baiti 250 au ukiwa na nafasi ndani yake, unakataliwa. Kitu kikizidi MB 1, hakitunzwi. Linalopoteza watu zaidi ni muda wa kuisha: ukizidi siku 30, yaani sekunde 2592000, Memcached inaihesabu namba hiyo kuwa tarehe. Ukiandika siku 60 kwa sekunde, inaelewa ni siku fulani ya mwaka 1970, na kitu kinaisha muda kabla hata hujakisoma.

Hakikisha kwa mkono, kwa `nc -C 10.0.0.7 11211` (bila `-C` mistari haiishii kwa CRLF, na `set` itagoma):

```
set jaribio 0 60 6
habari
STORED
get jaribio
VALUE jaribio 0 6
habari
END
```

Ile 60 ni sekunde za kuishi, 6 ni idadi ya herufi za "habari". Ukipata STORED na ukalisoma neno lako, huku tovuti bado haitunzi kitu, ziache fayawoli na poti zipumzike. Fungua msimbo, uchapishe `getResultMessage()` mara tu baada ya `set`.